Beji Iliyokosekana Shingoni

Siku za shule, binti na mama yake walionana jikoni kwa dakika ishirini tu. Binti akiwa anafunga kamba za viatu, mama ndiyo kwanza anavua vyake. Binti alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Aliingia kazini jioni na kutoka alfajiri, na nywele zake zilinuka moshi wa chuma hata baada ya kuoshwa.

Kazi yenyewe ilikuwa chini ya bandari. Jiji lilikuwa likichimba handaki la barabara kuu, ili magari yaliyozoea kuizunguka bandari kwa saa nzima yapite chini ya maji kwa dakika nne. Mashine ndefu kuliko uwanja wa mpira ilikuwa ikitafuna udongo huko chini. Meno yake yalipolika, mama na wenzake walipita mbele yake kuyang'oa na kuchomelea mengine. Ili maji yasiwaingilie, mahali hapo palijazwa hewa iliyoshindiliwa kwa nguvu. Kuingia hakukuwa na taabu. Kutoka ndiko kulikokuwa na masharti: walikaa saa mbili katika chumba cha chuma, hewa ikipunguzwa polepole, ndipo wakaruhusiwa kwenda nyumbani.

Haya yote Chiriku aliyajua. Bibi, mama mzazi wa mama yake, aliyeishi nao, hakuyajua hata kidogo. Bibi aliogopa maji kiasi kwamba hata ndoo iliyojaa sana aliitazama kwa wasiwasi, kwa hiyo aliambiwa kwamba binti yake anachomelea mageti ya bandari. "Bibi yako akijua hatalala, na mimi hataniacha nilale," mama alimwambia Chiriku. Na Chiriku, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaweza kutunza siri.

Siri hiyo ilimponyoka darasani. Alikaa deski moja na mvulana waliyemwita Wakili, kwa sababu hakukubali jambo lolote bila ushahidi, hata akiambiwa kengele imelia. Chiriku alipojisifu kwamba mama yake hufanya kazi chini ya bahari, Wakili alisema huo ni uongo mtupu, na kama ni kweli basi aeleze mama huyo anavuta pumzi kwa kutumia nini, mapezi? Darasa likaangua kicheko. Kicheko kile kilimkaa Chiriku rohoni wiki nzima.

Ushahidi aliujua ulipo. Shingoni mwa mama, kwenye mnyororo mwembamba, ilining'inia beji ya bati ambayo hakuivua ila akienda kuoga. Iliandikwa hivi: "Mimi ni fundi wa hewa iliyoshindiliwa. Ukinikuta nimeugua, usinipeleke hospitali. Piga namba hii na unilete haraka Geti la Tatu, handakini."

Alhamisi asubuhi mama aliingia bafuni, beji ikabaki kwenye msumari wa mlango. Chiriku akaichukua na kuitia mfukoni mwa sketi. Alijiambia kwamba mama atalala hadi mchana, na yeye atairudisha kabla hajaamka. Wazo la kumnyamazisha Wakili lilikuwa tamu mno.

Mama alipotoka bafuni hakuigusa hata shingo yake. Alikuwa amechoka sana, akimimina chai kwa mkono wa kushoto, naye siku zote hutumia wa kulia. Chiriku alimuuliza kulikoni.

"Bega linauma kidogo tangu nitoke kule. Ni uchovu," mama akasema. "Usimwambie bibi. Wala usiliongelee popote. Nikitaja bega kazini wataniweka kando, na tuko wachache."

Chiriku alifurahi kwamba mama hakuuliza jambo jingine. Akabeba mkoba wake na kuondoka karibu anakimbia.

Wakati wa mapumziko, Wakili aliisoma beji mara tatu. Aliigeuza nyuma, akaigonga kwa ukucha, akakagua namba ya simu. Hatimaye alitangaza kwamba mahakama imeridhika, na wenzake wakampigia Chiriku makofi. Raha hiyo ilidumu muda mfupi sana, kwa sababu Wakili hakuwa mtu wa kuacha maswali.

"Sasa niambie," alisema, akimrudishia. "Leo mama yako akiugua, watu watajuaje wasimpeleke hospitali?"

Chiriku aliisoma beji tena, neno kwa neno. Hapo ndipo hofu ilipomwingia, na haikumtoka tena. Alilikumbuka bega. Alikumbuka chai iliyomwagika kidogo mezani. Kipindi cha hisabati kilipita bila kuandika hata tarakimu moja, na cha jiografia vilevile. Mara mbili aliinua mkono ili aombe ruhusa ya kwenda nyumbani, na mara mbili aliushusha, maana mwalimu angeuliza sababu. Kengele ya saa nane ilipolia, alikuwa wa kwanza getini.

Mlango wa nyumbani ulikuwa wazi. Nje ilisimama teksi ya jirani yao, injini ikiunguruma, na hakuna aliyekuwa ndani yake. Chiriku aliingia na kumkuta mama sakafuni chumbani, mgongo ukiegemea kitanda. Miguu ilikuwa imekataa kumbeba. Alijaribu kusema, lakini maneno yalitoka nusunusu, kama ya mtu aliyeamshwa ghafla. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukipapasa kifua, ukipanda shingoni, ukishuka, ukirudi tena.

"Ni moyo," bibi alikuwa akimwambia dereva wa teksi huku machozi yakimtiririka. "Tazama anavyoushika. Tumuwahishe hospitali."

Chiriku alijua mkono ule unatafuta nini. Alikuwa nacho mfukoni, kikimchoma pajani.

Wakambeba mama hadi kwenye gari na kumlaza kiti cha nyuma, kichwa kikiwa mapajani mwa bibi. Chiriku alikaa mbele. Alitaka kusema, na kila alipotaka, akayaona yote yatakayofuata: bibi atajua kwamba alimwibia mama yake, atajua habari za handaki, mama atafukuzwa kazi, na yote yatakuwa yametoka mdomoni mwake yeye. Labda madaktari watajua wenyewe, alijiambia. Labda kweli ni moyo. Barabara ilikwenda, maduka yakapita, na mdomo ambao haukujua kupumzika ulikuwa mkavu na mzito. Nyuma yake alisikia kucha za mama zikikwaruza kitambaa cha gauni, pale pale kifuani.

Mbele yao palikuwa na mzunguko wa barabara. Kushoto ni hospitali, kulia ni bandarini. Dereva akawasha taa ya kushoto.

"Simamisha gari," Chiriku akasema. Sauti ilitoka ndogo, hata dereva hakumsikia, ikambidi amshike mkono. "Simama, mjomba. Siyo moyo. Mama anatafuta hii."

Dereva alisimama kando ya barabara, akaipokea beji na kuisoma, midomo ikicheza. Alipiga namba ile, akaeleza hali ya mgonjwa, na sauti upande wa pili ikamwambia amlaze mgonjwa chali, aje moja kwa moja, geti litakuwa wazi. Akageuza gari. Bibi alimtazama Chiriku kwenye kioo cha dereva. Chiriku angependelea apigwe kofi.

Kwenye Geti la Tatu walikuwa wanasubiriwa. Mama alilazwa kwenye machela na kuingizwa katika chumba cha chuma kilichofanana na tangi la maji lililolazwa ubavu, chenye dirisha la kioo kinene kisichozidi sahani. Msaidizi mmoja aliingia naye, mlango ukafungwa, na hewa ikaanza kuvuma ndani. Muuguzi wa handaki, mwanaume mwenye mvi chache na daftari mkononi, aliwageukia akauliza maumivu yalianza saa ngapi.

"Saa nane mchana huu," bibi akajibu. "Alianguka akitoka kitandani."

"Hakuna kilichotangulia? Saa ndiyo itakayoniambia nimtibu kwa muda gani. Nikikosea, ugonjwa utarudi."

Chiriku alilitazama dirisha lile dogo. Kwa beji alikuwa amejisaliti mwenyewe. Sasa alitakiwa amsaliti mama, aliyemwomba kwa mdomo wake asiseme. Akasema kwamba bega lilianza kuuma alfajiri, kwamba mama alimimina chai kwa mkono wa kushoto, na kwamba alimkataza asiliongelee kwa sababu angewekwa kando.

Muuguzi alikata mstari aliokuwa ameuandika, akaandika mwingine. Kisha akafungua mlango mdogo na kuzungumza na mtu wa mitambo kwa haraka. Aliporudi, bibi alimtaka amweleze kinachoendelea, naye akamweleza kwa upole: hewa iliyoshindiliwa hujificha mwilini, na isipotoka taratibu hufanya mapovu, kama soda iliyofunguliwa kwa haraka, mapovu yakaziba damu kwenye viungo na mishipa ya fahamu. Dawa ni kumrudisha mgonjwa kwenye hewa ileile, halafu kumtoa polepole zaidi. Hospitali ya jiji haina chumba kama kile. Wangempima moyo hadi jioni, na miguu ingeweza kupooza moja kwa moja.

Bibi akakaa chini kwenye benchi. Hakumwangalia Chiriku, lakini baada ya muda mkono wake ulimtafuta, ukamvuta karibu.

Saa nzima ilipita kabla simu ya ukutani, iliyounganishwa na chumba kile, haijalia. Muuguzi alisikiliza, akatabasamu, akampa Chiriku. Nyuma ya kioo, mama alikuwa ameinua goti lake la kulia. Uso ulikuwa umechoka, lakini macho yalikuwa yake.

"Nani alimwambia muuguzi habari za bega?" mama akauliza.

"Mimi," Chiriku akasema. "Na beji niliichukua mimi. Nilitaka kumwonyesha mtu. Nilikuwa nayo mfukoni ulipokuwa unaitafuta, nikanyamaza tangu nyumbani mpaka kwenye mzunguko." Kisha akalia, kilio cha siku nzima.

Mama alimwacha alie hadi alipotulia.

"Mambo mawili nusura yaniue leo," alisema. "Beji uliyoichukua, na bega nililolificha. Wewe uliogopa kugombezwa, na mimi niliogopa kuwekwa kando. Sote wawili tulinyamaza, tena mimi ni mtu mzima. Aliyeninusuru ni wewe uliposema, hata kama ulichelewa. Sikiliza, mwanangu. Ukikosa, njoo uniambie siku hiyohiyo. Nitakugombeza, tena sana. Lakini kugombezwa kunaisha kabla ya chakula cha jioni. Leo tulikuwa tunakaribia jambo lisiloisha."

"Na wewe ukiumwa?" Chiriku akauliza.

Mama alilishusha goti taratibu. "Nitasema."

"Utamwambia nani?"

"Nitamwambia muuguzi. Na bibi yako nitamwambia."

"Kila kitu? Hata ya handaki?"

"Hata ya handaki. Atanigombeza mpaka nitamani kurudi chini."

Bibi, aliyekuwa amesimama karibu akisikia kila neno, alifuta macho kwa ncha ya kanga yake na kunyoosha mkono. Akaomba apewe hiyo simu, akasema ana maneno machache ya kuanzia.