Kidirisha Kilichomwona Jeska Buhinyuza

Jeska alikuwa jikoni kwao, mtaani Musinzira, Gitega, akichambua maharage, na simu ya mumewe ikasema yuko Buhinyuza.

Crispin akaangalia simu, akamwangalia mkewe, akacheka. Kidirisha kile alikitengeneza mwenyewe: kisanduku kidogo kwenye uso wa simu, kinachoonyesha simu ya mwenzako iko wapi bila wewe kufungua chochote. Jeska alikuwa na mimba ya miezi saba, na mbili za kwanza zilishatoka, kwa hiyo Crispin alitaka kujua kila saa yuko wapi. Nia njema. Ila ruhusa kwenye simu ya Jeska aliibonyeza yeye, "wakati wote", mama wa watu akiwa anaoga, na wala hakumwambia.

Kosa alidhani analijua. Programu aliijaribia shambani kwa baba yake, huko Buhinyuza, mkoani Muyinga, na mahali simu ilipokamata setilaiti vizuri ni kwenye duara la miti mikubwa juu ya kilima. Akapabandika jina "Nyumbani", kisha akaiagiza programu kwamba simu ya Jeska ikinyamaza, kidirisha kionyeshe pale. Uvivu wa mafundi huo. Majirani hawaokoti hata kijiti cha kuni kwenye miti ile. Wanapaita ikigabiro, makao ya watawala wa zamani, na wakubwa hao, ingawa walikufa, hawajahama. Crispin alikulia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Alipoambiwa, aliona ni maneno ya wakulima wasio na kazi.

Akaifuta ile amri, akaandika upya. Kidirisha kikashikilia palepale: Jeska yuko Nyumbani, Buhinyuza. Kesho yake ikatokea nukta ya pili, isiyo na jina wala simu, ikitoka mitini. Asubuhi ilikuwa Muyinga mjini, adhuhuri Karuzi. Mvua ya alasiri ilipoanza kupiga mabati na umeme kukatika, nukta ilikuwa imeingia Gitega na inapanda Musinzira bila haraka, ikapita msikiti, ikapita duka la mkaa, ikakata kona yao, na Crispin akawa amesimama sebuleni mdomo wazi, anasikia harufu ya siagi ya zamani iliyochacha ikiingia chini ya mlango, na nyuma ya harufu kitu kama vazi la gome la mti linaloburutwa sakafuni, taratibu, kuelekea chumbani kwao. 

"Kuna mutu amekaa kwa kitanda yetu," Jeska akanong'ona kando yake. "Mi namusikia anapumua."

Walikimbilia mvuani, hadi kwa jirani yao Saidi, fundi cherehani anayesomea watu Kurani. Mzee alifika mlangoni kwao, akanusa, akagoma kuingia. Alipoelezwa ya kidirisha, alikasirika waziwazi.

"We uliita kwake nyumbani kwako," alisema. "Bon. Na yeye amekuja kuchukua kwako."

Akampa masharti. Aende kwenye miti ile aliondoe jina, na atamke kwa kinywa chake kwamba pale si kwake. Ila kabla ya yote amwite Jeska kwa sauti palepale mitini, amwambie warudi wote.

"Lakini Jeska yuko hapa, mzee," Crispin alisema.

"Simu yako inasema mke wako iko wapi?"

Crispin akaitoa mfukoni: Nyumbani, Buhinyuza. Kulipokucha alimwacha mkewe kwa Saidi, akapanda gari la Muyinga. Alipofika mitini akakuta wanawake wanalima mtama karibu, na wote wakainua vichwa kumtazama. Aone haya gani zaidi, mtu mzima, tena msomi, apigie miti kelele za jina la mke aliyemwacha akinywa uji? Akalifuta jina, akasema chini chini kwamba pale si kwake, akageuka. Nukta zote mbili zikazimika. Ndani ya gari akawa anapiga mluzi.

Jua lilikuwa bado juu alipofika Musinzira. Saidi alikuwa amekaa nje kwenye kibaraza chake, ameinama, hataki kumtazama. Alisema tu kwamba Jeska alinyanyuka adhuhuri akaenda zake, na hapakuwa na wa kumzuia. Crispin akakimbia kwake. Mlango ulifunguliwa kabla hajagonga. Alikuwa Jeska, uso unang'aa siagi, tumbo limelala bapa chini ya kitenge.

"We ni nani?" aliuliza kwa sauti nzito, ya mtu mzee. "Unatafuta nini hapa kwangu?"

Simu ya Jeska ilionekana nyuma yake mezani, imezimwa. Ya Crispin ikaita mfukoni, na jina lililotokea ni la Jeska. Akapokea. Kulikuwa na upepo mkali kwenye majani, na mkewe analia.

"Crispin, nilikuona ukisimama hapa kwa miti, nikakuita, ukaenda. Kuja utuchukue. Mutoto amezaliwa, iko na baridi."