Balbu ya Vifaranga wa Elsie

Kila Jumamosi asubuhi Nafula alifua sare yake ya shule na kuianika kwenye kamba ya ploti, na kila Julai sare hiyo ilikataa kukauka. Julai ya Nairobi haina theluji, lakini huwafanya watu wazima wavae soksi mbili na kulaumiana bila sababu.

Katika ploti yao, ua wa vyumba vya kupanga mtaani Umoja, familia zote zilitumia mita moja ya umeme. Kwa hiyo msimamizi, Mzee Munyoki, aliweka sheria: taa na redio, basi. Koili za kupikia zilipigwa marufuku, kwa kuwa zilikula umeme mwingi na kukata fyuzi ya wote. Karibu kila familia ilikuwa na koili uvunguni mwa kitanda.

Chumba cha mkabala kilikuwa cha kina Elsie, aliyesoma darasa la sita pamoja na Nafula. Baba yake, Bwana Otiende, karani wa reli, alikuwa amemletea katoni ya vifaranga wa siku moja. Vifaranga wa umri huo hufa wakipigwa na baridi. Ndiyo maana Mzee Munyoki alikubali balbu iwake ndani ya katoni mchana kutwa.

Nafula hakuweza kuisamehe balbu hiyo. Watoto wote walikuwa wamehamia mlangoni kwa Elsie, hata Raho, aliyekuwa akiruka naye kamba tangu darasa la kwanza.

"Nafu, kuja uone! Wanalala wamesimama!" Raho aliita.

"Kwani sijawahi kuona kuku?"

"Wivu tu!" Raho akacheka, akarudi ndani.

Neno hilo lilimuuma kwa sababu lilikuwa kweli. Kuku wanaruhusiwa joto, Nafula aliwaza, na vidole vyangu vinakufa ganzi. Mama alikuwa kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Nafula akaitoa koili yao uvunguni, akaichomeka. Waya wake ukawa mwekundu. Hakuwa hata amemaliza kunyoosha mikono, redio za ploti nzima zikanyamaza kwa pamoja.

Aliichomoa koili haraka, akaificha nyuma ya mtungi wa maji.

"Mgao tena!" mtu akapaza sauti uani.

"Lakini leo si zamu yetu," mwingine akasema.

"Hao wa stima nao wana zamu?" jirani yao Mama Koki akajibu, akafunga mlango wake.

Mwaka huo watu walikuwa wamezoea mgao wa umeme kiasi kwamba stima ikipotea hawakuuliza, walingoja. Hakuna aliyekwenda kuangalia fyuzi. Nafula peke yake ndiye aliyejua kwamba umeme ulikuwa umekwama pale pale, kwenye kisanduku cha fyuzi ukutani.

Mwanzoni alifurahi. Umati ulitawanyika, na Raho akaja na kamba mkononi. "Twende turuke. Kule kumekuwa giza."

Lakini mlango wa Elsie ulikuwa wazi. Elsie alikuwa ameivua sweta yake na kufunikia katoni, naye akabaki na blauzi, akitetemeka. Ndani, vifaranga walikuwa wamesongamana pembeni, wakipandana na kulia kwa sauti nyembamba.

"Mmoja hainuki," Elsie alisema. "Stima ikirudi atainuka. Si ndiyo, Nafu?"

Kumjibu ndiyo kungekuwa rahisi sana.

"Haitarudi," Nafula akasema. "Huu si mgao, ni fyuzi. Nimeikata mimi, na koili."

Nafula akakimbia hadi kwa Mzee Munyoki, aliyekuwa akinywa uji.

"Mzee, fyuzi imekatika. Niliwasha koili."

"Koili ya nani?"

"Yetu."

"Mama yako anajua?"

"Atajua."

Mzee Munyoki aliuacha uji, akachukua ufunguo na waya wa fyuzi. Baada ya muda mfupi balbu iliwaka. Kifaranga aliyekuwa amelala hakuinuka. Wengine wakaanza kuachana, mmoja mmoja, kama wafanyavyo wakishapata joto.

Mama aliporudi, majirani walikuwa wamemweleza yote kabla hajafika mlangoni. Alimkabidhi Mzee Munyoki koili, kisha akampeleka Nafula kwa kina Elsie kuomba radhi.

"Wivu hata mimi huupata," alimwambia mbele ya Bwana Otiende. "Nikiona gesi ya Mama Koki, huupata sana. Lakini wenzako walingoja kwa sababu hawakujua kilichoharibika. Wewe ulijua. Muda wote ulionyamaza, kuna aliyekuwa akiganda. Ukiharibu kitu cha wote, sema mara moja, kingali kinaweza kutengenezwa."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe, Elsie."

Elsie alikuwa akikifunga kifaranga kile katika gazeti. Hakusema amesamehe.

"Kesho asubuhi uje tusafishe katoni," akasema hatimaye. "Na ubebe maji ya vuguvugu. Ya baridi hawanywi."