Siku Sita za Chemchemi ya Juu

Kila asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajachoka kuwika, Oliva alikuwa njiani kwenda chemchemi ya juu. Mkono mmoja ulibeba ndoo tupu ya lita ishirini. Mkono wa pili ulivaa saa ya dada yake, nayo ilimpwaya hata ikabidi aifunge kwa kamba ya kiatu. Akifika, aliweka ndoo chini ya bomba, akahesabu sekunde mpaka ndoo ijae, kisha akaandika daftarini tarehe na idadi ya sekunde. Ndoo ikichelewa kujaa, maana yake chemchemi inapungua. Kazi ilikuwa hiyo tu. Kwa mtoto wa darasa la sita haikuwa na ugumu wowote, isipokuwa kuamka, kwa sababu baridi ya kijiji chao cha Masieda mwezi wa saba haina adabu kwa mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya Veronica, dada yake, aliyekuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Mwaka ule wa 2007 chuo chao kiliteua wanafunzi kumi waliofaulu kuliko wenzao wote, kikawaingiza katika programu ya wanafunzi bora. Kila mmoja alipewa mhadhiri wa kumwongoza, akatakiwa kufanya utafiti wake mwenyewe badala ya kungoja kufundishwa tu. Padri alilitangaza jina la Veronica kanisani. Baba yao, mzee Basili, ambaye si mtu wa kucheka ovyo, alicheka siku ile ya Jumapili mpaka Jumatatu.

Veronica alichagua kuchunguza chemchemi ya kwao, ambayo wazee walisema inakufa. Lakini angewezaje kuwa chuoni na papo hapo apime maji Masieda? Ndipo akamkabidhi mdogo wake saa na daftari.

"Programu hii ina sharti moja lisilo na msamaha," alimwambia. "Anayepeleka namba za kubuni anaondolewa. Namba zako ndizo namba zangu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, dada."

Alielewa kweli, na kwa wiki tisa hakukosa hata siku moja. Halafu ikafika tarehe tatu Julai. Ukungu ulikuwa mzito, blanketi lilikuwa na joto, na Oliva akajiambia, "Leo tu." Kesho yake akajiambia hivyo hivyo. Hakuna aliyegundua, kwa kuwa nyumbani walichota maji kisima cha kanisa, na chemchemi ya juu ilitumiwa na watu wa kitongoji cha pili. Hiyo "leo tu" ikazaa siku sita.

Siku ya saba alipofungua daftari kule chemchemi, nafasi sita tupu zilimkodolea macho. Shuleni kwao aliyeacha nafasi wazi alichapwa, lakini aliyejaza upuuzi aliambiwa tu ajaribu tena. Basi Oliva akajaza. Siku ya mwisho aliyopima kweli ilikuwa sekunde hamsini na mbili, kwa hiyo akaandika 52, 52, 53, 52, 53, 53. Zilipendeza. Kisha akaweka ndoo chini ya bomba, ikajaa kwa sekunde thelathini na nane. Alishangaa, akapima tena, ikawa vilevile. Akaandika 38, akaenda zake shule.

Veronica alirudi likizo mwezi wa nane. Jambo la kwanza alilofanya baada ya kuitikia shikamoo ya mdogo wake lilikuwa kufungua daftari.

"Hamsini na tatu, halafu thelathini na nane!" alisema kwa nguvu. "Kwa siku moja tu, na mvua haijanyesha! Oliva, hapa kuna jambo kubwa."

Alipanda kilimani penye mtandao, akampigia simu mhadhiri wake, Dokta Kissa. Dokta naye akashangaa, akasema atakuja mwenyewe Ijumaa kuona chemchemi iliyoongezeka kiangazi. Oliva alisikia hayo, akaenda kuosha ndoo ambayo haikuwa chafu.

Asubuhi ya Ijumaa alimkuta Patriki pale chemchemi, akijaza maji madumu ya kubebwa na punda wake. Patriki alisoma naye darasa moja na aliishi kitongoji cha pili.

"Kumbe mgeni anakuja kuona kazi ya baba zetu," Patriki alisema kwa majivuno.

"Kazi gani?"

"Si ule msaragambo, kitongoji kizima kilipotoka kuzibua chemchemi! Bomba lilijaa mizizi ya mikaratusi. Walilitoa jioni ya tarehe mbili, wakalirudisha tarehe nane jioni. Siku zote sita tulichota maji ya kijito kule bondeni, hapa palikuwa matope matupu." Kisha akamtazama. "Kwani hukujua? Si wewe unayepima kila siku?"

"Najua," Oliva alijibu haraka. Ameandika hamsini na mbili na hamsini na tatu kwa bomba ambalo halikuwepo!

Alirudi nyumbani mbio. Mama alikuwa ananyonyoa kuku wa mgeni, na Veronica alikuwa amesimama mlangoni ameshika karatasi zake.

"Dada, nina neno."

"Baadaye, mdogo wangu, tafadhali. Gari lao limeshafika ofisi ya kijiji."

Baadaye haikupatikana. Dokta Kissa, mama mrefu mwenye sauti ya upole, aliwasili, akasalimiwa, akataka waende chemchemi kabla ya chai. Njia nzima Veronica alieleza, naye Oliva alifuata nyuma na ndoo yake, kila hatua nzito. Akisema, dada ataondolewa. Asiposema, hakuna wa kumwumbua isipokuwa Patriki, na Patriki ameenda shamba.

Kule juu Dokta alivaa miwani, akapitisha kidole katika ukurasa wa Julai.

"Kuanzia tarehe tatu hadi nane," alisema. "Nani alipima siku hizi?"

"Huyu hapa, mdogo wangu," Veronica alisema, akimwekea Oliva mkono begani. "Hajakosa hata siku moja. Kwa hilo naweka jina langu."

Mkono ule begani ulimlemea Oliva kuliko ndoo iliyojaa.

"Sikuja!" akapaza sauti, na machozi yakafuata. "Dada, usiweke jina lako. Siku sita sikuja. Niliona baridi, nikalala, halafu nikabuni. Na bomba halikuwepo, walikuwa wanazibua. Dada nisamehe."

Veronica aliuondoa mkono. Kisha akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya zile namba sita, moja baada ya nyingine, akamrudishia Dokta daftari.

"Utafiti ni wangu, Dokta," alisema kwa sauti ndogo. "Nipo tayari kuondolewa."

Dokta Kissa alivua miwani.

"Nilipita ofisi ya kijiji kusaini kitabu cha wageni," alisema. "Mwenyekiti akanisimulia msaragambo wote, na tarehe zake. Nilipanda huku nikijua. Veronica, kama ungezitetea namba hizi, leo ungekuwa nje ya programu. Unabaki. Lakini ulimwachia mtoto kazi ya miezi mitatu bila kumfundisha la kufanya akikosa siku. Kosa hilo ni lako, utaliandika kwenye ripoti, na hesabu zako zote utazianza upya."

"Nitazianza, Dokta."

Kisha akamgeukia Oliva. "Nawe mwanangu, nisikilize. Njia ya mwongo ni fupi, na yako ilikuwa ya siku sita tu. Nafasi wazi haina aibu, maana inasema, 'Hapa sijui.' Mtu akisema hajui, atauliza. Kama ungeiacha wazi, dada yako angeuliza siku hizo palitokea nini, akaambiwa habari ya mizizi mapema. Uvivu ulikunyima siku sita. Uongo ulitaka kukunyima dada."

Veronica hakumsemesha mdogo wake siku ile wala kesho yake, na Oliva aliumia sana. Siku ya tatu, kulipopambazuka, alisikia sauti mlangoni: "Oliva, ndoo iko wapi? Twende."

Mwezi wa tisa Veronica alirudi chuoni, akaacha saa. Wiki mbili baadaye Oliva alishikwa na homa, akalala siku mbili. Alipopona alipanda chemchemi, akafungua daftari penye nafasi mbili tupu. Aliandika katika ya kwanza, "Sikuja. Homa." Aliandika hivyo hivyo katika ya pili, akaweka ndoo chini ya bomba, akaanza kuhesabu.