Mkanda wa Saa ya Bundala

Watu wa mtaa wetu wa Kanyenye wanaomkumbuka baba mdogo Abasi wanamkumbuka kwa saa. Alikuwa fundi cherehani, tena fundi hasa, lakini chochote alichopata kiliishia mnadani. Wazungu walipofunga virago baada ya Uhuru, vitu vyao viliuzwa kwa dalali pale sokoni, na watu wakagombea vitanda na majiko. Yeye alisimama nyuma na kanzu yake, akingoja saa za mkono. Alitaka zile kuukuu, zile adimu, ambazo ungezunguka Dar es Salaam nzima usizione. Hakuvaa hata moja. Alizilaza ndani ya sanduku la mninga, na kila Ijumaa baada ya swala alizitoa akazitia ufunguo moja moja, binti yake Tatu akiwa amepiga magoti pembeni.

Tatu ndiye mtoto pekee aliyekuwa amewabakia. Wawili waliomtangulia hawakufikisha hata kutambaa. Mkewe, mama mdogo Mwanne, alimlea kwa hofu, akamfunga mahirizi, akamkataza jua, akamkataza mvua. Mimi nilikuwa naishi nao nikimalizia shule, na huyo mtoto alinifuata kila niendako. Akiniita "dada," basi hata kama nimekasirika, nacheka.

Siku ya saa ya Bundala haikuwa na ajabu yoyote. Ilikuwa Jumamosi, nyakati za siasa ya Ujamaa, kabla watu hawajahamishiwa vijijini. Nilitumwa sukari, nikapita mnadani na Tatu mkononi, tukamkuta baba mdogo amesogea mbele kabisa. Dalali Justus alikuwa ameinua saa yenye uso mweusi. Mimi nilikuwa nimemsikia baba mdogo akiitaja saa ya uso mweusi miaka yote niliyokaa kwake.

"Ya Uswisi! Otomatiki! Mara ya kwanza!"

Aliyekuwa anashindana naye alikuwa mama mmoja wa makamo, miguu ina vumbi la safari, fedha amezifunga kwenye pindo la kanga. Kila akitaja bei, baba mdogo anapanda juu yake. Mwishowe yule mama akafungua fundo lote, akatazama kilichobaki, akamgeukia.

"Baba, niachie. Ni ya mwanangu Bundala. Alipanga chumba hapa mjini, akaenda porini kurina asali, hakurudi. Tumetafuta mpaka tumechoka. Kilichoonekana ni hiyo saa tu, katikati ya njia ya zamani ya misafara, kifungo chake kimefungwa. Mwenye nyumba kaichukua pamoja na kitanda na baiskeli, anasema ni kodi yake."

"Pole, mama."

"Kwetu mtu akipotea hivyo tunazika kitu cha mkononi mwake, naye anapata pa kulala. Sina kingine cha kuzika, baba."

Watu wote wakamgeukia baba mdogo. Hata Justus akashusha mkono. Nami nikasema moyoni, sasa ataiacha, baba mdogo si mtu mbaya.

"Mama, mnada ni mnada," akasema, akatoa fedha.

Nilitamani ardhi ipasuke. Yule mama, ambaye baadaye tulimjua kuwa ni Ng'washi wa Bukene, hakutukana wala hakulaani. Alifunga tena kanga yake. "Basi itunze," akamwambia. "Ila usimvishe mtu."

Tulirudi nyumbani bila sukari.

Sasa niwaeleze kidogo, maana bila hili hamtaelewa kilichotutisha. Saa ya otomatiki haitiwi ufunguo. Inajijaza kwa mkono wa aliyeivaa unapotikisika. Ivue, iweke mezani, na kesho kutwa utaikuta imesimama. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyetufundisha hivyo, siku ileile, huku akiilaza sandukuni kama alivyoipata, kifungo kimefungwa kwenye tundu la nje kabisa. Bundala alikuwa na mkono mnene. Hapo kwenye tundu lake ngozi ya mkanda ilikuwa imejikunja.

Ijumaa ikafika. Akafungua sanduku. Saa ilikuwa inakwenda.

"Labda niliitikisa," akasema.

Ijumaa ya pili ilikuwa inakwenda. Ufunguo wa sanduku alikuwa nao yeye kiunoni, hata kuoga alikuwa haufungui. Ijumaa ya tatu akailinganisha na redio, ikawa sawasawa na redio. Nikamwona anajifuta jasho. Saa ile ilikuwa na mvaaji.

Siku hizohizo Tatu akaanza kuamka amechoka. Mtoto analala mapema, ameoga, anaamka nyayo zina vumbi. "Miguu inauma," alikuwa anasema. "Njia yenyewe ndefu." Njia gani? Hajui. Tukampeleka hospitali, akapimwa malaria, hana. Akaanza kupungua mwili.

Asubuhi moja mama mdogo alikuwa anamwogesha uani, nami nachota maji. Nikasikia maji yameacha kumwagika. Nikageuka. Alikuwa ameushika mkono wa kushoto wa mtoto, anautazama. Ngozi ya Tatu ilikuwa nyeusi ya kung'aa, na kuzunguka kifundo cha mkono palikuwa na mstari mpauko, na katikati yake duara. Ilikuwa alama ya mtu aliyevaa saa juani miaka mingi. Tatu hakuwahi kuigusa saa ile.

"Baba Tatu!" akaita mama mdogo. Baba mdogo akatoka na sindano mdomoni. "Umemvisha?"

"Wallahi sijamvisha."

"Tazama hapa."

Akatazama. Aliona, na mimi nilimwona anaona. Kisha akaanza kusema kwamba huo ni ushirikina, kwamba mtoto ana ukurutu, kwamba yeye ni mtu wa msikitini na hawezi kutishwa na chuma.

"Kama ni chuma, kirudishe," mama mdogo akasema kwa sauti ya chini. "Nakuomba. Sina mwingine. Rudisha kitu cha watu."

Hakurudisha. Wiki zikapita. Nasema wazi, mpaka leo nina hasira naye, na hasira yangu ni hizo wiki. Alikuwa anampenda mwanawe, hilo silikatai. Lakini nilikuwa nikimkuta mchana ameufungia mlango wa chumba, anaitazama ile saa jinsi inavyokwenda yenyewe, na usoni ana hofu na furaha pamoja. Siku Tatu aliposhindwa kusimama ndipo akapanda treni ya Mwanza.

Yaliyotokea Bukene aliyasimulia mwenyewe matangani, akilia. Alimkuta Ng'washi anapepeta mtama. "Shikamoo, mama. Nimekuletea saa." Mama wa watu akaipokea kwa mikono miwili, akalia mpaka akakaa chini. Hakumlaumu. Akaita majirani, shimo likachimbwa nyuma ya nyumba kwenye ule udongo mweusi wa mbuga. Kabla ya kuishusha akamtazama.

"Kuna mtu imemhamia?" akamuuliza. "Niambie kweli, baba. Maana kama imehamia mkono mwingine, lazima aletwe kwanza avuliwe. Ukizika bila kumvua, unamzika na yeye."

Baba mdogo alisema aliona haya. Majirani wote walikuwa wamesimama pale, na yeye ndiye aliyemnyima mama huyu mnadani. Akaona akilitaja jina la mtoto, wote watajua ubaya wake umemrudia. Tena akajiambia kwamba kweli hakuna aliyevishwa.

"Hakuna," akajibu.

Wakafukia.

Saa hiyo mimi na Tatu tulikuwa barazani Kanyenye. Mchana, jua la utosi. Nilikuwa namenya karanga, naye ameegemea mto, siku hiyo kidogo ana nguvu, ananichokoza kwamba nakula kuliko ninavyomenya.

Akaacha kucheka.

"Dada, mbona giza?"

"Giza la wapi? Jua hilo."

"Nani kafunga mlango?"

Nikainua macho. Alikuwa ananitazama, lakini hanioni.

"Tatu?"

"Dada." Alikuwa ananong'ona. "Nina mchanga mdomoni."

Nikamfungua mdomo. Hapakuwa na kitu. Nikamwita mama mdogo, nikamwita tena. Mtoto akawa anakohoa, anajifuta uso, anajifuta, anajifuta. Mama mdogo akaja mbio. Akampakata.

"Mama, nitoe."

Ndilo lililokuwa neno lake la mwisho. Alikuwa mapajani mwa mama yake, mchana kweupe.

Tulipomwosha, tulimwaga maji mara nyingi kupita kawaida. Kila tukimwaga, kwenye nywele zake kunatoka udongo mweusi. Sisi hapa mjini udongo wetu ni mchanga mwekundu. Kina mama walikuwa wanatazamana.

Baba mdogo alishuka kwenye treni kesho yake, akaona mabenchi nje ya nyumba na wanaume wamekaa. Alianguka kabla hajafika mlangoni.

Aliposimulia kuhusu lile "hakuna" lake, mama mdogo hakupiga kelele. Arobaini ilipopita alinishika mkono tukaenda Bukene. Ng'washi alipojua sisi ni nani alijipiga kifua. "Mayo, mama yangu! Nilimuuliza! Nilimuuliza mimi!" Wale kina mama wawili wakashikana, na mimi sijawahi kuona kilio cha namna ile, hakuna aliyekuwa anambembeleza mwenzake, kila mmoja alikuwa na wa kwake.

Kisha mama mdogo akalala kifudifudi juu ya lile kaburi dogo, akaweka sikio. Nikaweka na mimi. Chini ya udongo ilikuwa inakwenda.

Tukafukua kwa mikono. Saa ilikuwa safi, inakwenda, wakati wake sawasawa. Na mkanda, ambao baba mdogo aliuleta umefungwa kwenye tundu la nje kabisa, ulikuwa umefungwa tundu la ndani kabisa. Palibaki duara dogo, la mkono wa mtoto.

"Bundala wangu amelala," akasema Ng'washi. "Namuota, ametulia. Anayetembea ni wako." Mama mdogo akataka kukifungua kile kifungo. Ng'washi akamzuia. "Mkono wa aliye hai hauwezi kumvua tena. Ataivua mwenyewe, siku atakayompata wa kwao ambaye hakumkana."

Tukarudi nayo. Baba mdogo alizirudisha zile nyingine zote kwa dalali, na miaka iliyobakia alishona bila kunyanyua uso. Mama mdogo alimpikia, akamfulia, akamuuguza mpaka alipokufa. Lakini kuishika saa ile hakumruhusu. "Umeshaishika," alimwambia.

Mama mdogo aliiweka ndani ya lile sanduku, chini ya mto wake. Alikuwa anaitazama kila Idi. Mwaka wa operesheni ya vijiji aliniita, tayari nimeolewa, akanionyesha. Kifungo kilikuwa kimesogea tundu moja. Hakuna aliyekigusa.

"Anakua," akaniambia. Alikuwa anatabasamu, na machozi yanamdondoka. "Mwanangu anakua huko, na hana mtu wa kumsuka."

Baada ya miaka kikasogea tena. Kisha kikatulia mahali pamoja, kama unavyotulia mkono wa mwanamke mzima. Mama mdogo alikuwa amezeeka kwa wakati huo. Alikuwa akiongea na sanduku, akiliuliza kama limekula.

Amefariki mwaka huu, baada ya swala ya alfajiri, kwa utulivu kabisa. Nilimwosha mimi mwenyewe. Tulipomaliza, wanaume walipokwisha kumchukua, nikarudi chumbani peke yangu, nikanyanyua mto, nikafungua sanduku.

Saa ilikuwa imesimama. Kifungo kilikuwa wazi.

Nikaushika ule mkanda. Ulikuwa na joto, na upande wa ndani, pale unapokutana na ngozi, ulikuwa umelowa jasho.