Aliyeshika Antena

Haya yalimpata rafiki yangu Phares, na hapendi kuyarudia.

Mama yake, aliyehamia Siaya, alimtuma kwenye nyumba yao ya zamani pale mtaani Jericho akachukue masufuria. Jioni ilikuwa imeingia, na stima zikapotea akiwa bado anafunga mzigo. Akaketi gizani mbele ya runinga kuukuu, na bila kufikiri akaanza kupiga mluzi, ule muziki wa kipindi walichokipenda utotoni.

Enzi hizo watoto wa majirani walijaa sebuleni kutazama, isipokuwa Seth, mdogo wake Phares. Seth alisimama nje akizungusha mlingoti wa antena na kuuliza dirishani, "Imeshika?" Waliokuwa ndani walimjibu, "Bado." Ikishika, walimwambia asiachilie, kwa sababu akiachilia tu picha ilipotea. Kwa hiyo Seth alivijua vipindi vyote kwa muziki wake tu. Homa ilimchukua akiwa bado mtoto, na baada ya mazishi baba yao aliung'oa mlingoti ule akautupa.

Phares hakuwa amemaliza wimbo aliposikia chuma kikilia nje, polepole, kama kinachozungushwa. Mluzi ukamkauka mdomoni. Chuma kikaendelea kulia.

"Imeshika," akasema. "Wachilia, Seth. Kuja ndani uone."

Mlio ukakoma. Kisha mlangoni, pale mama alipowakataza kupita na viatu, akasikia patapata zikivuliwa. Moja, halafu ya pili.