Mashine ya Ovidiu na Konde la Mundu

Kwetu milimani, Maramureș, kaskazini mwa Romania, majani hurefuka. Mwaka ule yalirefuka hata ndama wa Toader akapotea ndani yake, akatoka akiwa na pembe. Asiyeamini akamuulize ndama.

Toader na mkewe Anuța walikuwa na ng'ombe wawili na konde moja la majani mteremkoni. Walikata majani kwa mundu wa mpini mrefu, wakayaanika, wakayalundika kwa ajili ya majira ya baridi. Kwa kulitunza konde hivyo, serikali iliwalipa ruzuku kila mwaka. Ruzuku ya mwaka ule ilikuwa na kazi tayari: kuezeka upya zizi. Paa lilivuja vibaya. Ng'ombe walilala wamelowa kama samaki.

Jumapili moja ya Julai, wazee wakiwa kanisani, ngurumo ikasikika kutoka mlimani. Padri akanyamaza. Kanisa zima likageuza shingo.

"Nani huyo anafanya kazi Jumapili?" Anuța akanong'ona.

Alikuwa Ovidiu, mume wa binti yao. Alirudi kutoka kibaruani Ujerumani na mashine ya kukatia majani, akataka kuwashtukiza kwa zawadi. Walimkuta anatabasamu, majani ya kipande kizima cha konde yamelala chini.

"Baba, sasa mgongo wako upumzike!"

Toader akajibwaga kwenye nyasi. "Mkwe wangu, umeniua kwa wema. Niliweka sahihi kwamba nitakata kwa mkono."

"Kwani majani yanajua yamekatwa na nini?"

"Sijui kama majani yanajua. Ruzuku inajua."

Kesho yake Toader alipanda na mundu wake, akaanza kuupitisha pale palipokwisha kukatwa, ili afute alama za magurudumu. Ndipo akatokea Rodica, mshauri wa kilimo, aliyekuwa anaenda kununua jibini kwa Anuța.

"Mzee Toader! Leo unanyoa kipara?"

Toader akaona haya, akaeleza yote. Anuța naye akapanda, mikono bado ina maziwa.

"Hebu tufahamishe, binti," alisema. "Mashine ina kosa gani? Si majani ni yale yale?"

Rodica akawapeleka pembeni, kwenye majani yaliyosimama. "Kata kidogo, mzee. Polepole."

Mundu ukapita. Panzi wakaruka. Chura akafuata. Kisha ndege wa kahawia akatoka mbio, vifaranga nyuma yake, wakatokomea vichakani.

"Mmeona? Mundu unawapa nafasi ya kukimbia. Mashine haiwapi. Mnalipwa nyongeza kwa sababu yao."

"Kumbe tunakula mshahara wa chura!" Anuța alicheka.

"Basi na sahihi angeweka yeye," alinung'unika Toader. "Sasa nitafanywaje?"

"Wakaguzi wakikuta kosa, wanapunguza malipo. Ukirudia, wanapunguza zaidi. Ukificha kwa makusudi, kama unavyofanya sasa, unaweza kukosa yote, na hata kudaiwa ya nyuma. Umepata taarifa ya ukaguzi?"

"Bado."

"Basi nenda leo ukaseme mwenyewe. Kipande hiki kitatolewa kwenye maombi yako. Hutalipwa kwa hiki, lakini hutaadhibiwa. Konde lililobaki, fuata mkataba: ukubwa uwe wa kweli, usikate kabla ya tarehe, tena kwa mkono."

"Na hao wakaguzi wanatuona kutoka wapi?" Anuța akauliza.

"Wengine huja kwa miguu. Na setilaiti hupiga picha kutoka juu."

Toader akatazama mbinguni, akachomeka shati.

Mchana ule ule alishuka ofisini, akasema kweli. Kisha majirani tukaja na miundu, kama desturi. Wengine walikuja kumsaidia Toader. Mimi nilifuata ugali na jibini la Anuța. Ovidiu alipopiga mundu mara ya kwanza, ncha ikazama ardhini.

"Unachimba viazi, Mjerumani?" tukamtania. Hakuacha. Alikata sehemu ya juu ya konde mpaka jua likazama.

Siku chache baadaye mkaguzi akaja. Akainama, akapapasa mashina ya majani. "Huku juu kumekatwa na nani?"

Toader akamwonyesha Ovidiu. Mkaguzi akatazama viatu vya mkwe huyo vinavyong'aa, akakunja uso. Ovidiu akafungua viganja. Malengelenge yalikuwa yamejaa kama njegere kwenye ganda.

"Inatosha," mkaguzi akasema, "ficha mikono hiyo."

Ruzuku ikaja, pungufu kwa kile kipande tu. Mvua ya kwanza ilipopiga, Anuța aliingia zizini akaweka mkono mgongoni mwa ng'ombe. Mkavu. Paa lote lilikuwa jipya, isipokuwa kona moja ambayo fedha hazikuifikia.

Pale panapovuja, Toader ameegesha mashine.