Sponji Ndani ya Gauni

Fundi hakuwa na duka, alipanga kona chini ya ngazi katika jengo la maduka. Hakuwa na baba wala kimo, wala koti la kuvaa harusini ingawa aliwashonea wenzake. Zaidi ya yote, hakuwa na imani. Mchumba akicheka, alijiuliza: anamcheka nani?

Yeye na mchumba huyo walikutana kwenye ngazi hizo, watu wakisukumana, uzi wa gauni la mwanamke uliponasa kwenye kifungo cha shati lake.

"Usivute, bibie, utafumuka wote."

"Mbele za watu? Kata basi!"

"Nikikata, nitakuona tena kwa sababu gani?"

Yule mwanamke, msusi wa ghorofa ya pili, alicheka mpaka vitana vikamponyoka mkononi.

Mwaka haukuisha, wakawa wachumba. Fundi akaanza kumshonea gauni la harusi la hariri nyeupe. Jioni moja Msusi alisimama nalo mbele ya kioo.

"Mpenzi, kifuani niongezee inchi nne."

"Na kiunoni?"

"Kiuno kiache."

Fundi akabaki na pini mdomoni. Simu ikalia, Msusi akatoka nayo mbio. "Ndiyo, dokta. Wiki ijayo. Hapana, yeye hajui."

Kifua kinaongezeka, daktari yupo, siri ipo. Mimba hiyo! Naye hajapata kumgusa ila kwa futi ya kupimia.

Kesho yake alipanda saluni. Mashine ya kukaushia nywele haikuwapo, wala kiti cha wateja.

"Umeviuza? Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yangu."

"Mimba ya nani?"

"Mimba? Nakwenda kupasuliwa, niongezwe matiti."

"Nani kakwambia yamepungua?"

"Wewe! Gauni la kwanza ulilonishonea lilichanika, nikakuta umejaza sponji. Hukuniuliza."

"Mama watoto wangu, sponji natia kila gauni ili kitambaa kisimame! Nilifundishwa hivyo. Hata la mke wa mchungaji, ambaye kifua chake kingetosha watu watatu!"

Msusi hakucheka.

"Daktari anasemaje?" Fundi aliuliza kwa upole.

"Kanieleza yote. Matiti ya bandia hayadumu maisha. Yanaweza kupasuka, au kovu likayabana yakawa magumu yenye maumivu, nirudi kisuni na kulipa upya. Huenda yakafa ganzi. Huenda kunyonyesha kukanishinda."

"Na bado unakwenda?"

"Kisu nakiogopa. Jicho lako nililiogopa zaidi. Na leo umeniona mzinzi." Akamsukuma nje, akamfungia mlango.

Akahamia kwa shangazi yake. Simu za Fundi hakuzipokea.

Fundi alilifumua gauni la harusi, akatoa sponji, akalishona kwa vipimo vya mwanzo. Kisha akaandika:

"Mpenzi, nilikushuku bure. Kabla ya hapo nilikurekebisha bila kukuuliza, na hilo ndilo kosa kubwa. Gauni sasa ni la mwili wako. Ukiamua kwenda kwa daktari, nitakusindikiza, kisha nitalifumua tena bila kununa. Usipokwenda, linakungoja. Mimi pia nangoja. Bado utakubali nikuoe?"

Akaikunja barua, akaitia katika bahasha pamoja na ile sponji. Bahasha ikavimba. Akailamba gundi, akaikandamiza kwa kiganja mpaka ikalala, akavuka barabara hadi posta na kumkabidhi karani kwa mikono miwili.